Maumivu Hayangoji Rufaa

Mhadhara kwa wakazi wa Dzaleka kuhusu saratani ya kongosho, kemotherapi na usiku wa mgonjwa

 

Nimeombwa kusema juu ya saratani. Ningeweza kuchagua ya umio au ya shingo ya kizazi, kwa kuwa hizo zinaua watu wengi zaidi katika Malawi, nchi hii iliyotupokea. Nimechagua ya kongosho, inayowapata wachache, kwa sababu jina lake likishatajwa wenye kuamua huanza kufunga faili. Daktari anasema imeenea. Kamati ya rufaa inasema matumaini ni madogo. Jamaa wanasema tumwachie Mungu. Mgonjwa mwenyewe wakati huo bado yu hai, na anaumwa. Nataka tuzungumze juu ya muda huo, miezi minne, sita, pengine mwaka, ambao mtu anaishi na ugonjwa usioponyeka. Hoja yangu ni moja na naitaja tangu sasa: mtu akikosa tiba ya kumponya hajapoteza haki ya kutulizwa maumivu, na utulizaji huo unapaswa kumkuta hapa Dzaleka, anapolala.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Hutoa maji ya kumeng'enya chakula, hasa mafuta, na hutoa insulini inayotawala sukari mwilini. Uvimbe ukianza humo hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono. Ukikua kwenye kichwa chake hubana mrija wa nyongo: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka, na ngozi inawasha hadi mtu anajikuna akatoka damu. Ukikua katikati au mkiani, manjano huenda yasionekane kabisa. Yapo maumivu tu, juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni. Na maumivu hayo yana tabia yake. Mgonjwa akilala chali yanazidi, akiketi na kuinama mbele yanapungua. Ukimkuta mtu usiku wa manane ameketi kwenye mkeka, amekumbatia mto, kifua juu ya magoti, na hali ni hiyo wiki baada ya wiki, usimwambie kwamba ana mawazo mengi. Mpeleke akapimwe.

Hata penye kila mashine ugonjwa huu hugunduliwa umechelewa. Mwaka 2022 ulimwenguni kote waligunduliwa wagonjwa wapya kama 510,000, na mwaka huohuo walikufa kwa saratani hiyo watu kama 467,000. Hesabu hizo mbili zinakaribiana mno. John Lewis, mbunge wa Marekani aliyeandamana na Martin Luther King, alitangaza Desemba 2019 kwamba anayo na imefika hatua ya nne. Julai 2020 alifariki. Wanaoweza kufanyiwa upasuaji wa kuiondoa ni kama mmoja kati ya watano, na hao ni wa nchi zenye madaktari bingwa kila mji.

Hapa kwetu njia yake inajulikana. Mwanzo watu wanasema ni vidonda vya tumbo, na omeprazoli inanunuliwa. Kisha mtu anakonda, sukari inapanda ghafla, ingawa katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuugua kisukari. Baadaye macho yanageuka manjano na watu wanasema ni ini. Siwalaumu wahudumu. Vidonda vya tumbo na homa ya ini ni vingi kuliko saratani ya kongosho, na anayeanza na kilicho kingi anafanya kazi yake vizuri. Tatizo ni kukaa hapohapo. Maumivu ya juu ya kitovu yasiyosikia dawa, kukonda, na kisukari kipya kwa mtu mzima, vikikutana katika mwili mmoja, altrasaundi ya tumbo isicheleweshwe.

Sasa niseme la karuho, yaani imani ya kulishwa sumu, maana nisipolisema mimi litasemwa nyuma ya nyumba.

Sisi wa Kivu tumevuka nalo mipaka. Wenzetu wa Burundi na Rwanda watasema uburozi. Mtu anadhoofu, tumbo linamuuma, chakula hakipiti, hospitali bado haijasema kitu: basi amelishwa sumu. Na aliyelishwa lazima awe na mlishaji. Nani alimpa kinywaji kule msibani? Nani alimletea sahani siku ile? Dzaleka imekusanya pamoja watu ambao vita iliwatenganisha, kwa hiyo mlishaji hupatikana upesi, na mara nyingi ni jirani wa kabila lile jingine. Nimeona nyumba mbili zilizochota maji kwenye bomba moja kwa miaka zikiacha kusalimiana kwa sababu ya uvimbe ambao hakuna mkono wa binadamu uliouweka. Mgonjwa akanyweshwa dawa za kutoa sumu, akahara, akatapika, akamaliza nguvu ambazo angezihitaji Lilongwe. Saratani ya kongosho haiambukizi wala hailishwi. Sigara, unene, kisukari cha muda mrefu, kongosho lililovimba kwa miaka, na urithi wa ukoo huongeza hatari yake, na wengi wanaoipata hawakufanya lolote la kuitafuta.

Siwatukani waganga wetu wa kienyeji. Wapo wanaoshika mkono wa mgonjwa kwa upole kuliko baadhi yetu tunaovaa sare za hospitali. Nawaomba wao, na watumishi wa Mungu wanaofunga na kuombea: mkiona macho ya manjano mtumeni mtu kituo cha afya siku hiyohiyo, na maombi yaendelee njiani. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kambini hata ujirani huumbuka, tena kabla ya kifo.

Kambi hii ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumezidi 50,000. Kituo chetu cha afya kinatuhudumia sisi na wanavijiji wa Dowa wanaotuzunguka, na wahudumu wake wana malaria, uzazi na utapiamlo wa watoto kabla hawajaifikia saratani. Kwa kipimo kikubwa na kwa kemo, mgonjwa hupelekwa Kamuzu Central, Lilongwe, kilomita kati ya 40 na 50 kutoka hapa. Huko ndiko kuliko na maabara ya patholojia iliyoanza mwaka 2011 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha North Carolina. Mmalawi wa kijijini naye anahangaika na nauli hiyohiyo na foleni hiyohiyo. Tusijione peke yetu.

Lakini mkimbizi anayehitaji tiba ya gharama kubwa ana mlango mmoja zaidi wa kubisha. Utaratibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, katika nchi nyingi ni kwamba kamati huangalia mambo mawili makubwa: gharama, na kama mgonjwa ana nafasi ya kupona. Mwaka 2014 daktari Paul Spiegel na wenzake walichapisha hesabu za Jordan. Kati ya 2010 na 2012 kamati ya huko ilipokea maombi 1,989, na 511 kati yake yalikuwa ya saratani. Yaliyokubaliwa ni asilimia 48. Sababu kubwa ya kukataa ilikuwa kwamba matumaini ya mgonjwa ni madogo.

Ukilinganisha na hali hiyo, mgonjwa wa kongosho iliyoenea anajua jibu kabla hajabisha. Nami siwezi kumhukumu mtu aliyekaa kwenye kamati ile akiwa na fungu dogo, na mbele yake mtoto mwenye saratani ya damu inayoweza kupona na mzee mwenye kongosho isiyoweza. Huenda mimi pia ningesaini faili la mtoto. Kinachonikera ni kwamba baada ya saini ile mzee hurudishwa nyumbani na panadol. Tumekubali, bila kusema wazi, kwamba anayekosa kuponywa hana tena anachodai. Ulimwengu wenyewe umeshakataa wazo hilo kwenye karatasi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuingiza tiba shufaa katika misaada ya dharura, na mwaka huohuo kitabu cha viwango cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukifuata, kiliiweka tiba shufaa kuwa kiwango kwa mara ya kwanza. Katika makambi ya Warohingya kule Bangladesh, wahudumu wa kijamii walifundishwa kutembelea wagonjwa mahututi katika vibanda vyao, wakiwa na dawa za maumivu. Mabanda yale ni magumu kuliko haya yetu.

Tiba shufaa ni utunzaji wa mtu mwenye ugonjwa mkubwa ili aishi vizuri siku alizonazo: mwili, akili, roho, na nyumba yake pia. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, ndiye aliyeonyesha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu hizo zote, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's jijini London kwa kazi hiyo. Afrika Mashariki kazi hiyo ina jina la Anne Merriman. Baada ya kusaidia kuanzisha Nairobi Hospice, alikwenda Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, akiwa na fomula rahisi ya mofini ya kunywa: unga wa mofini, maji, na dawa kidogo ya kuzuia isiharibike. Waganda wakatia rangi kwenye chupa ili mtu asikosee nguvu yake: kijani kwa ile nyepesi, nyekundu kwa kali, buluu kwa kali zaidi. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini. Uamuzi ule mmoja uliipeleka dawa vijijini, kwa sababu daktari hayuko kijijini na muuguzi yuko.

Malawi haiko nyuma katika moyo. Pale Queen Elizabeth, Blantyre, kliniki ya Tiyanjane inafanya kazi hii tangu 2003. Salima kuna Ndi Moyo, kituo alichokianzisha muuguzi Lucy Finch, na wahudumu wake huwafuata wagonjwa majumbani. Kwa hiyo ninayoyaomba yanafanyika katika nchi hii, na wanaoyafanya ni Wamalawi.

Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Lakini tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilikuta kwamba kati ya 2010 na 2013 dunia iligawa kwa mwaka wastani wa tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini, na nchi zote za kipato cha chini kwa pamoja zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo mia moja. Nilipoisoma nililia, na sioni haya kuwaambia.

Ngoja niwaonyeshe inavyokuwa nyumbani. Mama mmoja, mwenyeji wa kando ya Ziwa Tanganyika, nilimkuta ameketi kwa mkao ule niliowaeleza. Kwenye kliniki ya mjini aliongea Kiswahili, muuguzi akaongea Kichewa, na katikati alikuwapo kijana wa kutafsiri ambaye aliona aibu kutaja choo na matapishi ya mtu wa umri wa mama yake. Basi nikamwomba atumie mkono. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kina kipimo hicho: ngumi iliyofumbwa ni kwamba hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akanyoosha vinne. Kisha akakinyanyua na kile cha gumba nusu, akakishusha, kama anayeogopa kuonekana mlalamishi.

Chupa ya mofini ilipopatikana, kazi ikawa ya saa. Mofini ya kunywa hukaa mwilini muda wa saa nne, kwa hiyo hunywewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo mara mbili ili mtu alale mpaka alfajiri. Haingojewi maumivu yarudi. Wengi hukosea hapo: mgonjwa akipata nafuu wanaficha chupa ili isiishe, maumivu yanarudi kwa nguvu, na kuyashusha tena kunataka dawa nyingi zaidi. Binti wa mama yule aliandika saa zote tano ukutani kwa mkaa, na kila akimpa dawa alichora mstari chini yake. Maumivu yakipenya katikati, daktari alikuwa ameandika kipimo cha ziada, na binti alikichorea mstari wa kulala, ili mhudumu akija aone kimetumika mara ngapi na aongeze dozi. Baada ya siku chache mama alinyoosha kidole kimoja. Aliomba maji ya moto aoge, kisha akaomba aletewe mpwa wake waliyekuwa wamegombana naye.

Mtaniuliza: hatakuwa mlevi wa dawa? Anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo na kwa saa, ni nadra sana kupata uraibu wa aina mnayoiogopa. Mwili huzoea, kwa hiyo dawa haikatwi ghafla, hupunguzwa. Je, haimharakishi kufa? Ikianzwa kidogo na kupandishwa kwa uangalifu, hapana. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, hasa kwa kuwa ana deni la usingizi la miezi. Kichefuchefu huja na kupita. Kisichopita ni kufunga choo, na hapo wauguzaji wengi hushindwa, kwa sababu choo kigumu kinaleta maumivu mapya ya tumbo na mtu anaitupa mofini. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Isipokuwapo, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko kidogo, zimetumiwa na wahudumu wa tiba shufaa sehemu nyingi za Afrika. Maumivu ya kuchoma na kutekenya yanayotoka kwenye mishipa ya fahamu, ambayo kongosho limezungukwa nayo, huhitaji pamoja na mofini dawa nyingine, kwa mfano amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Chupa ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, irudishwe kituoni. Isihifadhiwe kwa ajili ya jirani.

Nimesema mengi ya mofini kabla ya kemo kwa makusudi, kwa maana watu huuliza kemo kwanza.

Kemo katika saratani ya kongosho iliyoenea haiponyi. Inanunua muda, na mara nyingine inapunguza maumivu yenyewe. Jaribio lililoifanya jemsitabini kuwa dawa ya kawaida lilichapishwa mwaka 1997, likiwa na wagonjwa 126, na naliheshimu kwa jambo moja: waliolipanga hawakuuliza tu nani ameishi muda gani. Waliuliza nani maumivu yake yamepungua, nani ametumia dawa chache za maumivu, nani ameweza kuamka na kufanya shughuli zake, nani ameongeza uzito. Kati ya waliopewa jemsitabini, asilimia 23.8 walipata nafuu ya namna hiyo. Kwa dawa ya zamani walikuwa asilimia 4.8. Muda wa kuishi, ukichukua mgonjwa wa katikati, ulikuwa miezi 5.65 dhidi ya 4.41. Kwa maneno mengine, wiki tano hivi. Mwaka 2011 Wafaransa walionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX unafikisha miezi 11.1 dhidi ya 6.8 ya jemsitabini. Lakini wagonjwa wao walichaguliwa wakiwa na nguvu, madhara yalikuwa makali zaidi, na dawa mojawapo huingizwa mwilini kwa saa 46 mfululizo, kila baada ya wiki mbili.

Pimeni hayo kwa maisha ya hapa. Jemsitabini hutolewa kwa dripu mara moja kwa wiki, wiki tatu, halafu wiki moja ya mapumziko. Kila safari inataka nauli ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa hawezi kwenda bila muuguzaji. Inataka ruhusa ya kutoka, kwa sera ya nchi inayotutaka tukae kambini. Na inataka mahali pa kulala siku damu inapopimwa na dawa haikutoka. Zamani wengi walikuwa na ndugu mjini. Baada ya agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini, ndugu huyo naye yuko hapa. Siku sita za mwezi zinazoishia barabarani na kwenye benchi ni siku za maisha ya mtu ambaye siku zake zinahesabika. Wako ambao ningewaambia nendeni: mtu anayetembea, anayekula, mwenye wa kumsindikiza, na anayetamani kumwona mwanawe akimaliza mitihani. Wako ambao ningewaambia bakini: asiyeamka kitandani zaidi ya nusu ya siku, kemo itamwumiza kuliko kumsaidia. Uamuzi ni wa mgonjwa. Kusema "imetosha" si kujiua wala si kukosa imani, na mchungaji yeyote anayemwambia mgonjwa vinginevyo anamwongezea mzigo ambao Mungu hakumtwisha.

Kwa wanaokwenda, lipo jambo moja ambalo naomba kila nyumba ilishike hata mkisahau mengine yote. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mtu wa kemo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura usiku uleule. Hapa kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine: tunapima, tunameza, tunalala. Mgonjwa wa kemo akilala na homa hiyo anaweza asiamke. Apimwe malaria, ndiyo, lakini apewe antibayotiki ndani ya saa moja, na mhudumu wa zamu aambiwe mlangoni, kabla ya foleni: "Huyu yuko kwenye kemo." Kipimajoto ni kitu kidogo, kanisa au msikiti unaweza kununua kimoja cha mtaa mzima.

Mengine ni mepesi. Kwa siku mbili baada ya dripu, dawa hutoka kwa mkojo, choo na matapishi. Anayesafisha avae glavu au mfuko wa plastiki mikononi, nguo zifuliwe peke yake, na mjamzito asifanye kazi hiyo. Kumkumbatia mgonjwa hakuna madhara yoyote, watoto wasifukuzwe. Vidonda vya mdomoni visukutuliwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Anayepewa oksaliplatini, ambayo ni mojawapo ya zile dawa nne, baridi humchoma vidole na koo. Asubuhi za Juni na Julai hapa juu Dowa mnazijua, basi asitumwe bombani, na maji yake ya kunywa yapashwe.

Na chakula. Mama yule niliyewaeleza alitamani sombe iliyoungwa mawese kama kwao, na kila akiila alikimbilia choo, na choo kikaelea chenye mafuta. Jamaa wakadhani wamempa kitu kibaya. Kongosho lililoharibika halitoi tena maji ya kumeng'enya mafuta. Viko vidonge vya kulisaidia, na panapopatikana vimezwe pamoja na chakula, si baada yake. Visipopatikana, mawese yapunguzwe, sahani ziwe ndogo na nyingi, na likuni phala, uji wa mahindi na soya unaojulikana Malawi nzima, humpita mgonjwa vizuri. Najua ninawaambia hayo watu ambao msaada wao wa chakula umepunguzwa tena na tena. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii ingepaswa kuhesabiwa ya kwanza katika mgao, na siyo kubishania foleni. Lakini ikifika wakati hataki kula kabisa, msimlazimishe. Mwili unaofunga kazi zake hauna njaa, na kijiko kinachosukumwa mdomoni humtuliza anayelisha tu.

La mwisho kabla ya maombi yangu ni ukweli. Desturi yetu ni kwamba daktari huitwa pembeni, anamwambia mtoto wa kiume, na mama anaambiwa ana "uvimbe kidogo." Mama anajua. Ananyamaza ili asiwaumize watoto, watoto wananyamaza ili wasimwumize mama, na kila mmoja anabaki peke yake. Mwulizeni kwanza kiasi anachotaka kujua. Wapo wanaosema sitaki, na waheshimiwe. Anayetaka aambiwe. Mkimbizi anayekaribia kufa ana mambo ya kupanga ambayo wengine hawana: kadi ya familia itabaki kwa jina la nani, watoto watalelewa na nani ikiwa jamaa wote wako Uvira, simu ipigwe kwa nani ng'ambo, azikwe kwa taratibu za nani. Hayo hayapangiki na mtu aliyefichwa.

Sasa naomba. Kwa wakuu wa kituo cha afya na mashirika yanayokisaidia: wauguzi wawili wapelekwe kusomea tiba shufaa kwa wenzao wa Malawi wanaoifanya tayari, na mofini ya kunywa iwekwe kabatini hapa kwa kufuli na daftari kama sheria inavyotaka, ili mgonjwa asirudi Lilongwe kwa ajili ya chupa. Kwa jamii: sisi tulioweza kuandaa tamasha la Tumaini tangu 2014 na kuendesha redio yetu, Yetu, tunaweza kupanga zamu ya watu wa kulala na mgonjwa usiku mmoja mmoja ili binti yake naye alale, na redio itangaze habari ya homa na kemo kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa. Kwa kamati za rufaa: kila barua inayosema hapana kwa kemo itaje kwenye karatasi hiyohiyo dawa ya maumivu ambayo mgonjwa atapewa, na nani atampa. Na kwa ofisi inayotoa ruhusa za kutoka: anayekwenda kwenye kemo aandikiwe ruhusa ya mzunguko mzima wa wiki nne, yeye na muuguzaji wake, kwa barua moja.